Kumsomesha Mtoto wa Mkimbizi: Sadaka au Jembe?



Muhula huu chama chetu cha mjadala kilizungumza juu ya hoja iliyotugawa sana: Je, yafaa kumlipia masomo mtoto wa mkimbizi, hali watoto wetu wenyewe hawajatoshelezwa? Waliopinga walitoa maneno mazito. Walisema ya kwamba madarasa yetu yamejaa, madawati hayatoshi, na mwenye njaa hana cha kumgawia jirani. Waliounga mkono walizungumza kwa huruma nyingi, lakini huruma peke yake haishindi hoja. Kengele ikalia kabla hatujafikia neno moja. Kwa hiyo nimeona vema kutafuta habari za mambo yaliyokwisha kutendeka, hasa katika nchi yetu, ili tupime jambo hili kwa matendo.

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hii kumsuta mgeni aliyekaa mno. Lakini ukiitazama vizuri utaona ya kuwa ina heshima ndani yake. Jembe halipewi mtu anayefukuzwa. Hupewa mtu anayehesabiwa kuwa wa nyumbani, mwenye nguvu zake, atakayekula jasho lake. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha ya kuwa masomo ndiyo jembe la mtoto wa mkimbizi, na kwamba mfadhili mwema ni yule anayemkabidhi mtoto huyo mpini, akamwachia alime.

I. MKIMBIZI NI NANI, NA MFADHILI NI NANI

Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, mkimbizi ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuwa anaogopa, kwa sababu za kweli, kudhulumiwa kwa ajili ya rangi au kabila lake, dini yake, utaifa wake, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Mtu aliyehama kutafuta biashara si mkimbizi. Mkimbizi hakuchagua safari yake.

Nchi yetu imewajua wakimbizi tangu zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Tengeru karibu na Arusha, nao wakawa na shule zao pale pale kambini. Baada ya Uhuru walikuja watu wa Rwanda, Burundi, Kongo, Msumbiji, Afrika Kusini na Somalia, kila mmoja na msiba wake.

Mfadhili, kwa maana ya somo letu, ni mtu, chama, kanisa, msikiti au serikali inayobeba gharama za masomo ya mtoto asiye na wa kumlipia. Gharama hizo si ada tu. Sisi tukaao bweni twajua. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za serikali kwa Kidato cha Kwanza mpaka cha Nne; lakini mwanafunzi bado huja na godoro, shuka, ndoo, sare, viatu, madaftari na nauli. Mzazi mwenye shamba huuza gunia la mahindi. Mkimbizi aliyefika juzi hana shamba, wala hana gunia.

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inampa kila mtoto wa mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Baada ya hapo njia huwa nyembamba, maana elimu ya juu ya msingi yaweza kufuatana na masharti na malipo yatakayowekwa. Hapo ndipo wengi hukwama. Umoja wa Mataifa umekuwa ukihesabu jambo hili, na hesabu za miaka ya karibuni zaonyesha ya kuwa katika kila vijana wakimbizi 100 duniani, wanaofika chuo kikuu hawatimii 10. Serikali ya Ujerumani, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, imekuwa ikiwalipia baadhi yao tangu mwaka 1992, na waliosaidiwa kwa mpango huo wamepita 20,000. Ni wengi, lakini ukiwalinganisha na wanaosubiri ni kama ndoo moja katika bahari.

Tena tukumbuke tofauti hii. Mtu mzima akikimbia vita hupoteza nyumba na mali, navyo vyaweza kupatikana tena. Mtoto hupoteza kitu kisichorudi, yaani miaka ya kujifunza. Mtoto wa miaka 7 akikaa bila mwalimu hata akafika miaka 14, amani itakapokuja itamkuta hajui kuandika jina lake. Vita vitakuwa vimekwisha kwa wote isipokuwa yeye.

II. MFANO WA MBALI: WATOTO WA TIBET

Duniani kote, watu wanaotajwa sana kwa jambo hili ni Watibeti. Tibet ni nchi ya milima mirefu, kaskazini ya India. Mwezi wa Machi 1959 watu wa mji wa Lhasa waliinuka kupinga utawala wa Wachina, wakashindwa. Kiongozi wao wa dini, Dalai Lama, alikimbilia India kwa miguu na kwa wanyama, na watu wapatao 80,000 wakamfuata. Wengi walipata kazi ya kutengeneza barabara milimani. Watoto wao walishinda kandokando ya barabara hizo, katika vumbi na baridi, na wengi wakaugua na kufa.

Tarehe 17 Mei 1960 watoto 51 waliletwa kutoka kambi hizo mpaka mji wa Dharamsala. Dada mkubwa wa Dalai Lama, Tsering Dolma, alijitolea kuwalea. Alipofariki mwaka 1964, ndugu yake Jetsun Pema alishika kazi hiyo, akaifanya mpaka mwaka 2006, yaani miaka 42. Mwanzo ule mdogo ulikuwa na kuwa Vijiji vya Watoto wa Tibet. Watoto hawakurundikwa katika jumba moja kama mizigo ghalani. Waliwekwa katika nyumba, na kila nyumba ikawa na mama mlezi, wakubwa wakiwasaidia wadogo.

Fedha zilitoka kwa wafadhili wa nchi nyingi. Kila mfadhili alipewa jina la mtoto, akatoa kiasi kwa ajili yake, na barua zikaenda na kurudi. Njia hii ina faida yake: mtu hutoa kwa moyo zaidi akijua jina na sura ya anayempa. Lakini nadhani ina hatari pia. Mtoto anayeandika barua ya shukrani mwaka baada ya mwaka aweza kukua akijiona ana deni kwa kila kalamu aliyoshika. Yampasa mfadhili aliye na busara aisome barua kama barua ya jamaa, asiisome kama risiti.

Jambo lililowaokoa Watibeti, kwa maoni yangu, ni kuwa fedha zilikuwa za wageni lakini shule zilikuwa zao. Waziri Mkuu wa India, Nehru, alikubali watoto hao wawe na shule ambamo wangesoma elimu ya kisasa bila kuachana na lugha na mila zao. Watoto walijifunza Kiingereza na hesabu, na katika madarasa ya chini walifundishwa kwa Kitibeti. Wengi waliohitimu walirudi katika shule zile zile kuwa walimu. Wazee wetu wamesema: Mwacha asili ni mtumwa. Watoto wale walipoteza nchi, lakini hawakuiacha asili yao.

III. MFANO WA PWANI YETU: SHULE ZA WATU WA MSUMBIJI

Sasa tutoke milimani, turudi pwani. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962, wakati Wareno wakingali wanatawala Msumbiji. Vijana waliovuka Mto Ruvuma kuingia Tanganyika walikuja na hasira nyingi na elimu kidogo, kwa kuwa utawala ule uliwafungulia Waafrika wachache sana mlango wa sekondari. Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Msumbiji jijini Dar es Salaam. Mkurugenzi wake alikuwa Janet Mondlane, mwanamke Mmarekani, mke wa kiongozi wa chama, Dakta Eduardo Mondlane.

Fedha za kuanzia, dola karibu 100,000, zilitolewa na Ford Foundation ya Marekani. Serikali ya Ureno ililalamika, na msaada huo haukuendelea. Hebu tufikiri: mabweni yamekwisha jengwa, wanafunzi wamo darasani, na mfadhili ameondoka! Chuo kiliokolewa na watu wengine, hasa Sweden na nchi jirani zake, pamoja na makanisa. Hapa twapata somo la kwanza. Aanzaye kumsomesha mtoto amekwisha weka ahadi, hata kama hakutamka. Kumtoa mtoto njiani ni vibaya kuliko kutomchukua, maana umemwonyesha mlango kisha ukaufunga mbele ya uso wake.

Chuo kile kilipata taabu nyingine iliyotoka ndani. Mwaka 1968 ulizuka ugomvi mkali kati ya wanafunzi na viongozi wa chama. Viongozi walitaka vijana wawe tayari kukatiza masomo ili wakasaidie vita na wafundishe watu katika sehemu zilizokombolewa. Wanafunzi kadha wa kadha walikataa. Walitaka kuendelea na masomo, na wengine walitumaini kupata nafasi ng'ambo. Shule ikafungwa. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Februari 1969, Dakta Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Sioni sababu ya kuwalaani vijana wale. Walikuwa na umri wetu, nao waliuliza swali ambalo kila anayesomeshwa hujiuliza usiku: Elimu hii ni yangu, au ni ya walionilipia? Jibu lililopatikana baadaye ni jema. Mwaka 1970 shule ya sekondari ilifunguliwa upya Bagamoyo, kusini kidogo ya sisi wa Tanga, katika pwani hii hii ambayo zamani watumwa walipakiwa majahazini. Humo vijana walisoma kwa kujua tangu siku ya kwanza ya kuwa elimu yao ina kazi inayoingoja.

Mmoja wa walimu na viongozi wa shule hiyo alikuwa binti aitwaye Graça Simbine. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Alisoma katika shule ya misheni ya Kimethodisti, akapata msaada wa masomo uliomfikisha Chuo Kikuu cha Lisbon. Angeweza kukaa Ulaya. Badala yake alijiunga na FRELIMO, akaja Tanzania, akafundisha Bagamoyo. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, alifanywa Waziri wa Elimu, katika nchi ambamo watu zaidi ya 90 katika kila 100 hawakujua kusoma. Twamjua leo kwa jina la Graça Machel. Mwaka 1996 ndiye aliyeuandikia Umoja wa Mataifa taarifa kubwa juu ya watoto waliomo vitani, na dunia ikasikia. Msaada wa masomo aliopewa binti mmoja yatima ulirudi kwa watoto ambao waliotoa hawakupata kuwaona.

IV. MAZIMBU: SHAMBA LA MKONGE LILILOGEUKA SHULE

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliandamana kukataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikana. Polisi waliwapiga risasi. Baada ya hapo vijana wengi walitoroka nchi yao, wengine wakiwa na sare za shule tu. Chama chao, ANC, kilikuwa na wapiganaji, lakini hakikuwa na shule ya kuwapokea watoto.

Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ardhi Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro. Ardhi hiyo ilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa shamba la mkonge lililoachwa ni kitu gani: mikonge iliyotoa milingoti ikazeeka, magugu mpaka kifuani, na majengo ambayo popo ndio wenyeji. Wakimbizi na wananchi walifyeka, wakajenga mabweni, madarasa, hospitali, karakana na nyumba za kulelea watoto wachanga. Shule iliitwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kwa jina la kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22.

Fedha na vifaa vilitoka nchi nyingi, hasa zile za kaskazini ya Ulaya. Lakini wanafunzi hawakukaa wakingoja. Kulikuwa na mashamba na mifugo, useremala na ushonaji, na kila mwanafunzi alikuwa na zamu yake ya kazi. Walijifunza sayansi na hesabu, tena walijifunza historia ya Afrika kama ilivyokuwa, ambayo kwao walifichwa.

Ubaguzi ulipoanza kuanguka, wenye shule walirudi kwao. Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Naomba wenzangu waliopinga hoja wasimame hapa kidogo. Kila mwaka vijana wa Kitanzania, huenda na baadhi yetu tutakaofaulu, huingia katika madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya watoto wa wakimbizi. Tulitoa shamba lenye magugu, tukarudishiwa chuo. Wageni waliacha pia makaburi yao pale, ya wale ambao hawakujaliwa kuiona nchi yao ikiwa huru. Hisani haiozi.

V. MFANO WA NYUMBANI: WAZIGUA WALIORUDI HANDENI

Mfano wa mwisho umo katika mkoa wetu wenyewe, nami nashangaa ya kuwa wanafunzi wengi hawaujui.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia Uzigua. Watu wengi walichukuliwa au walidanganywa kwa ahadi ya chakula, wakapelekwa pwani na kuuzwa. Majahazi yaliwapeleka kaskazini mpaka Barawa, Marka na Mogadishu, wakalimishwa mashamba ya mabwana kando ya Mto Shebeli. Baadhi yao walitoroka. Wazee wao husimulia habari za mwanamke aliyeitwa Wanankucha, aliyewaongoza kuelekea kwao. Hawakufika, walikaa katika misitu ya bonde la Mto Juba, wakalima. Walikaa huko kwa zaidi ya miaka 100, na katika muda wote huo Kizigua hakikufa midomoni mwao.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikaenea, wakulima hawa waliteswa sana. Hawakuwa na silaha wala koo kubwa za kuwatetea, na ghala zao zilikuwa na nafaka. Wengi walikimbilia Kenya, na kutoka huko, tangu mwaka 2003, watu zaidi ya 10,000 walichukuliwa kwenda kukaa Marekani. Wengine wapatao 3,000 waliingia Tanzania, wakawekwa Mkuyu, wilaya ya Handeni, katika nchi ambayo babu zao waliibiwa. Mwaka 2003 walianza kuhamishiwa Chogo, katika wilaya hiyo hiyo. Walipewa ardhi ya kulima, wakajengewa shule na zahanati kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na serikali ikawafungulia njia ya kuwa raia.

Tuangalie jinsi ufadhili huu ulivyokuwa mkamilifu. Kule Somalia wengi wao hawakupata nafasi ya kusoma. Hapa mtoto alipewa darasa, mzazi alipewa shamba ili mtoto ale kabla ya kwenda darasani, na wote walipewa tumaini la cheti cha uraia, ili yule atakayehitimu asiambiwe, "Wewe si wa hapa." Kimoja kikikosekana kati ya hivi vitatu, viwili vilivyobaki hulegea.

Katika bweni letu yuko kijana ambaye wazazi wake walipitia Mkuyu wakiwa watoto. Hapendi kuitwa mkimbizi, naye ana haki, kwa sababu alizaliwa Handeni kama mimi. Siku ya wazazi bibi yangu alizungumza na bibi yake Kizigua kwa muda wa saa nzima. Bibi yangu aliniambia baadaye ya kuwa mama yule ana maneno ambayo yeye aliyasikia zamani kwa wazee tu, na ambayo sisi wajukuu tumeyatupa. Basi, ni nani kati yetu aliyekuja na mkono mtupu?

VI. MAMBO TUNAYOJIFUNZA

Katika mifano hii minne naona mambo manne, nami nayaandika kwa kifupi ili yakumbukwe.

Kwanza, ufadhili hutaka kudumu. Miaka 42 ya Jetsun Pema ina thamani kuliko fedha nyingi za mwaka mmoja. Mfadhili apime uwezo wake kabla hajaanza. Akiweza kumtimizia mtoto mmoja, amchukue mmoja, asiwachukue kumi akawaacha njiani.

Pili, mtoto asing'olewe kwa watu wake. Ndiyo maana katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wa Kongo walifundishwa kwa mitaala ya kwao, ili siku ya kurudi wasiwe wageni mara ya pili. Na kama hawatarudi, kama watu wa Chogo, basi wasome pamoja na wenyeji, kwa mitihani ile ile na vyeti vile vile. La hatari ni kumweka mtoto katikati, hana huku wala kule.

Tatu, anayesomeshwa ana wajibu, lakini wajibu huo usiwe minyororo. Ugomvi wa mwaka 1968 watufundisha ya kuwa kijana halazimishwi kupenda watu wake. Akionyeshwa kazi iliyopo, akaheshimiwa, mara nyingi huifuata mwenyewe, kama Graça alivyoifuata.

Nne, aliyefadhiliwa vizuri humfaidi hata mfadhili. Mazimbu ni ushahidi wa mawe na saruji.

Sasa nijibu hoja ya wapinzani wangu, maana nimewaahidi. Ni kweli ya kuwa madawati yetu hayatoshi. Lakini sijaona shule hata moja iliyopata madawati kwa sababu mtoto wa mkimbizi alizuiwa mlangoni. Mara nyingi mambo huwa kinyume: wakimbizi wapelekwapo mahali, misaada huja kujenga shule na kuchimba visima, na wenyeji huvitumia pia. Isitoshe, mtoto asiyesoma hatoweki kwa kuwa tumemnyima. Atakua papo hapo karibu nasi, mwenye nguvu na asiye na kazi. Kumnyima masomo ni gharama pia, ila bili yake huchelewa kufika.

Tena jambo hili lina upande mwingine. Wanafunzi wa Soweto waliokuwa madarasani asubuhi ile ya tarehe 16 Juni hawakujua ya kuwa baada ya miezi michache wangekuwa wageni katika nchi nyingine. Hakuna mtu aliyezaliwa na hati ya kutokuwa mkimbizi.

Mtauliza, sisi wanafunzi tufanye nini, na mifuko yetu haina kitu? Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Twaweza kumwazima mgeni madaftari ya mwaka uliopita. Twaweza kukaa naye saa ya kujisomea usiku tukamsaidia Kiswahili, naye akatusaidia Kifaransa kama anatoka Kongo au Burundi. Walio Kidato cha Nne, kama mimi, twaweza kuacha vitabu, ndoo na godoro zima badala ya kuviuza tutakapomaliza, vikawekwa mikononi mwa mlezi wa bweni kwa ajili ya atakayefika bila kitu, awe mkimbizi au mtoto wa hapa hapa. Na jambo lisilotaka hata senti moja: tusilitumie neno mkimbizi kama jina la utani. Mtu huyo alikimbia mara moja. Tusimfanye akimbie kila siku.

Kwa wazazi wanaosoma gazeti hili naomba neno moja. Mkimsomesha mtoto asiye wenu, msimhesabie sahani za wali mbele za watu. Mpeni jembe, mwonyesheni shamba, kisha mwacheni alime.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza tofauti kati ya mkimbizi na mtu aliyehama kutafuta kazi.

2. Kwa nini miaka ya masomo iliyopotea ni hasara kubwa kuliko mali iliyopotea?

3. Je, wanafunzi wa Chuo cha Msumbiji walikuwa na haki kukataa kukatiza masomo yao mwaka 1968? Toa sababu za pande zote mbili.

4. Shamba la mkonge la Mazimbu liligeuka shule ya wakimbizi, kisha likawa chuo cha Watanzania. Taja mahali pengine katika mkoa wa Tanga panapoweza kutumiwa hivyo, na ueleze namna.

5. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: Je, ukoo wetu ulipata kukimbia njaa au vita? Ni nani aliyetupokea? Andika jibu lao katika kurasa mbili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne